Faili la Zamani Nililolifuta Mwenyewe

Mimi ni fundi kompyuta hapa Kanyenye, na domo ninalo. Wateja nimewagombeza miaka nenda miaka rudi: usifute kitu kabla hujakinakili! Sasa sikilizeni nilichofanya mimi.

Dada yangu mdogo, mwalimu kule Puge, aliniletea kompyuta yake imegoma kuwaka, diski inalia kwe-kwe-kwe. Humo ndani mlikuwa na sauti ya marehemu mama, akisimulia kwa Kinyamwezi mambo ya utoto wake. Nakala nyingine hakuna.

"Kaka, mengine yote yapotee. Nipe mama tu."

"Leo leo utamsikia," nikajitapa.

Nilikuwa na faili moja kubwa lililobeba diski nzima ya programu, la kuwashia kompyuta zilizogoma. Toleo lake lilikuwa la zamani, kwenye kompyuta ya dada halikufanya kazi. Jipya lilikuwa mtandaoni, na kulipakua lote kwa mtandao wetu wa kujikongoja ni siku nne. Lakini njia ya mkato naijua. Kuna programu inayolipitia faili la zamani kipande kwa kipande, inachukua humo visivyobadilika, na mtandaoni inafuata vilivyobadilika tu. Kazi ya saa moja.

Nafasi kwenye kompyuta yangu haikutosha mafaili mawili. Kwetu mgeni akija, mwenyeji anampisha kitanda bila kuulizwa. Nami nikalifuta la zamani, nipishe jipya. Nikabonyeza, nikaenda kuswali adhuhuri, moyo mweupe.

Niliporudi, programu inaniuliza: faili la zamani liko wapi? Lahaula! Na flashi tupu ilikuwa mfukoni mwangu, ningelihamishia humo. Usiache mbachao kwa msala upitao, mama alitukanya kila siku. Mimi nimeutupa mbacha hata msala haujafika.

Basi, siku nne. Na kila asubuhi, kwa kiherehere changu, niliiwasha ile diski nisikie kama bado ni nzima. Kila asubuhi ililia kwa shida zaidi. Siku ya nne faili likatimia, kompyuta ikawaka vizuri kabisa. Diski ilikuwa kimya, imekufa na sauti ya mama humo ndani.

Dada hakunilaumu. Afadhali angenitukana. Aliifunga kompyuta kwenye kanga, akaniuliza taratibu, "Kaka, wewe si unaikumbuka sauti yake?"

"Naikumbuka," nikasema.

Nilimdanganya. Nikijaribu kumsikia mama, inanijia ile kwe-kwe-kwe.