Nilivyogeuzwa nuksi ya mpira: yaliyonikuta nikiwa weita Kasese na Bwera

Wakuu, salamu kutoka huku magharibi mwa Uganda, chini ya milima.

Mimi huwa nasoma nyuzi zenu na kuondoka kimya kimya. Leo nimeamua kuandika. Naandika polepole, na shule niliishia la saba, kwa hiyo mnivumilie.

Haya yote ni kweli. Hii si chai. Chai ninawauzia wateja, na hata wao hawaitaki.

Timu za Ulaya sitazitaja. Nikitaja moja tu, uzi utajaa matusi kabla sijafika katikati. Mtaweka wenyewe timu mnayoichukia, hadithi itakaa vizuri tu.

Nianze.

Kabla ya baa nilikuwa Mubuku, kwenye mpunga wa mjomba. Kazi ya mpunga ni kuinama. Unainama asubuhi, unainama mchana, na jioni ukisimama wima watu wanakuuliza kama unaumwa.

Nikapata kazi ya uweita mjini Kasese, kwenye baa ya mpira. Siku ya kuondoka mjomba aliniambia, "Nenda, mwanangu. Jembe lako sitampa mtu."

Alisema kwa upole sana, kama mtu anayejua siku nitakayorudi.

Basi hofu yangu yote ilikuwa hiyo. Kufukuzwa baa ni kurudi kuinama.

Baa yenyewe ni kubwa. Jiko liko nyuma, ukumbi uko mbele, na kila ukuta una televisheni, ili mtu timu yake ikifungwa asipate pa kugeuzia uso. Mwenye baa ni mama mmoja, sote tunamwita Madam. Hana makelele. Anakutazama tu, na wewe mwenyewe unakumbuka kosa lako.

Kwa wasioijua kazi hii, niwaeleze kidogo.

Mteja wa mpira haagizi chakula wakati wa mapumziko. Wakati wa mapumziko anachezea simu. Mpira ukifika karibu na goli, hapo ndipo anakumbuka kuwa hajala tangu asubuhi.

Wapo wanaonunua soda moja na kuilea kama yai mpaka mechi ya pili iishe. Ukienda kuchukua chupa anakuambia, "Bado nakunywa." Chupa ni tupu, unaona ukuta wa upande wa pili.

Na wote ni makocha. Mtu nyumbani ameshindwa kupanga nani akachote maji, lakini anajua nani alipaswa kucheza kiungo.

Na mimi ni mtu wa aibu. Meza mbili zikiniita pamoja, ninasimama katikati na kutazama trei. Hiyo ndiyo mbinu yangu.

Sasa nuksi ilivyoanza.

Wiki yangu ya kwanza nilipita mbele ya televisheni na sahani ya muchomo, yaani mbuzi wa kuchoma. Nikiwa bado napita, timu inayopendwa na ukumbi karibu wote ikafungwa. Watu wakasikitika, wakala mbuzi, yakaisha.

Mechi iliyofuata nilimpelekea soda Hajji. Huyu ni mfanyabiashara, ana lori la kubeba chumvi kutoka Katwe mpaka mpakani. Hanywi pombe. Anasema yeye baa anafuata mpira tu, na kusema kweli kelele zake zinatosha meza ya walevi. Nilipoweka soda mezani, wakafungwa tena.

Hajji akaitazama soda. Kisha akanitazama mimi.

Mara ya tatu sikubeba hata chakula. Niliingia kuokota glasi. Mwamuzi akapuliza filimbi, penalti dhidi yao, ikaingia.

Hajji akasimama, akageukia ukumbi. "Jamani, huyu kijana mnadhani ni weita. Huyu si weita. Huyu ni penalti inayotembea."

Watu wakacheka mpaka wengine wakasahau kuwa wamefungwa. Toka siku hiyo jina langu likawa Penalti. Jina langu ni Thembo, lakini hakuna aliyewahi kuuliza.

Mwanzoni nilidhani ni utani. Wakuu, mwenye timu hatanii.

Wakaweka sheria. Penalti asiingie ukumbini mpaka mpira utoke nje ya uwanja. Nikawa nasimama kwenye mlango wa jikoni na sahani mkononi, nachungulia, nasubiri mpira wa kurusha. Mpira ukitoka nakimbia. Ukirushwa kabla sijafika, nageuza.

Chakula kikawa kinapoa. Na waliolalamika kuwa chakula kimepoa ni wale wale walionizuia kuingia. Mwalimu mmoja wa sekondari, mtu mwenye digrii yake, alimwambia Madam kwamba huduma imeshuka.

Hajji akaja na ushauri wa kitaalamu. "Penalti, jaribu kuingia kinyumenyume. Labda nuksi nayo itageuka."

Mimi kwa aibu yangu sikuweza kukataa. Nikaingia kinyumenyume na bakuli la supu. Supu ikaishia kwenye viatu vya yule mwalimu, na nyavu zikatikisika nikiwa bado naomba msamaha. Za kwao.

Jioni ile Madam akaniita jikoni.

"Thembo, unajua kazi. Lakini kastoma hawakutaki."

Nikatazama chini.

"Nakupeleka Bwera, kwenye baa yangu ya kule. Huko hawakujui. Nikisikia malalamiko juu yako mara moja tu, hata ya chumvi, unapanda gari la Mubuku. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Nilianza kuusikia mgongo ukiuma.

Bwera, kwa msiopajua, iko mpakani na Congo. Unavuka daraja la Mpondwe uko kwao. Siku za soko wanavuka wengi kuja kuuza na kununua, na wakimaliza biashara wanakuja kutazama mpira kwetu. Mji mzuri wa kuanza maisha mapya usipojulikana.

Nilifika na begi langu. Getini alikaa mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu, ndiye mlinzi. Wote wanamwita Afande. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Wewe ndiyo Penalti?"

"Naitwa Thembo, afande."

"Sikuuliza jina. Pita."

Nilikuwa nimesahau jambo moja dogo. Lori la Hajji linapita Bwera kila wiki.

Hata hivyo siku za kwanza zilikwenda vizuri. Walinitazama kama watu wanavyomtazama mbwa waliyeambiwa anauma, lakini walikula. Nikaanza kuwa na matumaini.

Kisha ikafika mechi ya Uganda na Congo.

Kama uliwahi kufikiri kwamba kazi ya baa ni rahisi, nakuomba ufanye kazi siku Uganda inacheza na Congo, kwenye baa iliyo karibu na daraja. Upande wa kushoto walikaa Waganda, kiongozi wao ni Baluku, fundi wa pikipiki. Upande wa kulia walikaa Wakongomani, na kiongozi wao ni Papa Kambale, muuza vitenge, mtu mzima mwenye tumbo na heshima. Wengi wao ni ndugu kwa ukoo, lugha ya nyumbani ni karibu moja. Jana yake walikuwa kwenye harusi pamoja. Siku ile hawakusalimiana.

Mpira ulianza saa kumi. Nikajificha jikoni.

Papa Kambale akaita kwanza. "Garson. Penalti. Kuya hapa."

Nikaenda. Akasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "Chukua samaki moja mukubwa, upeleke kwa Baluku na benzake. Mimi ndiyo nalipa."

Nikadhani ni ukarimu. Mimi ni mtu wa kijijini, Maliba, kwetu ukipewa samaki unasema asante.

Baluku alipoona namkaribia na sahani, akanyoosha mikono yote miwili kama anazuia gari. "Simama hapo hapo. Usiweke."

Ndipo nikaelewa. Huku Bwera walikuwa wameikalia nuksi yangu kikao, wakapata mafanikio ambayo watu wa Kasese hawakuyafikia. Waligundua kwamba nuksi iko kwenye sahani. Meza ninayowekea chakula ndiyo inafungwa.

Baluku akasema, "Samaki hiyo irudishe kulia. Na uwaongezee chipsi kutoka kwetu. Wale washibe."

Nikarudisha, na chipsi juu.

Papa Kambale akasukuma sahani kwa kidole, kama kitu kilichokufa zamani. "Hatutake. Irudishe kwa benye iliituma. Na bia mbili."

Wakuu, samaki yule alikimbia kuliko winga wa Uganda. Kushoto, kulia, kushoto. Kila safari anaongezewa kitu. Jikoni hawakuwa wameona oda nyingi hivyo kwa siku moja, na hakuna mtu hata mmoja aliyekula. Nilikuwa nahudumia ukumbi mzima wenye njaa unaokataa chakula ulichokilipia.

Uwanjani nako walikuwa wanakoswakoswa. Kila mpira ukigonga mwamba, nusu ya ukumbi inanitazama nimesimama wapi.

Kipindi cha pili Baluku akachoka. Akanishika mkono, akanisukuma kwa nguvu kuelekea kulia. Papa Kambale akainuka na tumbo lake lote.

"Weye Baluku, unasukumia nani nuksi?"

"Si mlianza nyinyi, Papa? Jana ulikula harusi kwetu, leo unatuletea mkosi kwa sahani."

"Harusi ilikuwa ya mutoto ya dada yangu. Nilikula ya kwangu."

Viti vikaanza kusukumwa nyuma. Mtu akashika chupa, na hakuishika kama anataka kunywa.

Mimi niko katikati na samaki, chipsi na bia nne kwenye trei. Sikuwaza kupigwa. Nilimwona mjomba akilitoa jembe nyuma ya mlango na kulifuta vumbi.

Mara ikasikika sauti ya Afande mlangoni.

"Kimya. Wote kaa."

Wakakaa. Hata mimi nilitaka kukaa, ila sikuwa na kiti.

Afande akapita katikati ya ukumbi, polepole, mbele ya televisheni, na hakuna aliyethubutu kumwambia anaziba. Akavuta kiti na meza ndogo, akaviweka katikati kabisa, si kushoto wala kulia. Akachukua trei mkononi mwangu, akaiweka mezani.

"Wewe. Kaa hapo."

Nikakaa.

"Kula."

"Afande, niko kazini."

"Hii ndiyo kazi. Kula."

Nikala. Ukumbi mzima unanitazama, na mimi ni mtu nisiyeweza kula mbele ya wageni watatu. Mwiba wa kwanza niliumeza kwa aibu ya kuutoa. Lakini samaki alikuwa mzuri, kwa kuwa alikuwa ametembea sana.

Mpira ukaisha bila bila.

Pande zote mbili zikakubaliana kwamba ni mimi niliyeziba. Baluku alisema nimekaa katikati kama koki iliyofungwa. Papa Kambale alisema bora sare kuliko aibu, akaja kunipa mkono, akampa na Baluku, wakaulizana habari za bibi harusi.

Madam alipata taarifa ya mauzo. Malalamiko hayakumfikia, kwa sababu kila mtu alikuwa amelalamika kwa mwenzake.

Kiti kile hakijaondolewa mpaka leo. Siku za kawaida nahudumia kama weita yeyote. Siku ya mechi kubwa naletewa samaki, nalipiwa na pande zote mbili, nakaa katikati. Kwenye ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kupata kazi ya kukaa.

Mnadhani yameisha? Subirini kidogo.

Mwezi uliopita lori la chumvi lilisimama getini. Nilikuwa nafuta meza karibu, nikasikia yote.

"Afande, salaam alaykum. Nimekuja kuchukua Penalti. Madam amekubali."

"Unachukua wa nini?"

Hajji akashusha sauti, lakini sauti ya Hajji haishuki mbali. Kumbe tangu niondoke Kasese timu yao inafungwa vile vile. Tofauti ni kwamba sasa hawana wa kumlaumu, basi wanalaumiana. Wamelaumu kofia ya mwalimu. Wamelaumu kikohozi cha mpishi. Hajji mwenyewe ameambiwa soda yake ina mkosi, na wawili hawamsalimii tena. Viti vimeanza kuvunjika.

Afande alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hapa hakuna mutu ya jina ya Penalti. Iko Thembo tu. Na iko kazini."

Nilikuwa na kitambaa mkononi. Niliendelea kufuta mahali pale pale ambapo palikuwa safi.

Hajji akaingia, akakaa, akaagiza soda. Nikampelekea. Akaitazama kidogo kwa mazoea, kisha akanywa.

"Thembo," akasema. Jina lilimpa tabu kidogo mdomoni. "Rudi, kijana wangu. Baa imeharibika."

Hapo nikasema maneno mengi kuliko niliyowahi kusema kwenye kazi hii. Nilisema, "Nitarudi, Hajji. Lakini nitakuwa naingia ukumbini chakula kikiwa tayari. Hata mpira ukiwa uwanjani."

"Hata ukiwa karibu na goli?"

"Hata karibu na goli."

"Hata penalti?"

"Hata penalti."

Hajji alifikiri kama mtu aliyeombwa auze lori. Mwishoni akasema, "Ngoja nikawaulize wenzangu."

Mpaka leo bado wanaulizana. Mimi niko Bwera, nimekaa.

Nilichojifunza, wakuu, ni hiki. Nuksi haimo kwenye trei, imo kwenye mabeki. Lakini watu hawawezi kumpigia beki wa Ulaya simu wakamfokea, basi wanamfokea weita, naye yuko karibu na ana sahani. Ukimwona mtu anaitwa mkosi mahali, angalia vizuri, utakuta ndiye anayewazuia wengine wasigombane.

Na kama weita wa baa yenu ana jina la utani, muulize la kwake. Hata wakati wa kurusha mpira unatosha.

Wenye ujuzi wa mpira karibuni mseme. Mliowahi kumfukuza weita mlangoni timu yenu ikifungwa, nanyi karibuni, mtueleze kama ilirudisha goli. Nitajibu wote polepole, maana vidole vina mafuta ya samaki.