Mbaazi Zisizopurwa

Hapa kwetu Kasikeu watu wote hupura mbaazi kwa fimbo, ila sisi tunazimenya kwa mkono. Majirani wanasema mume wangu ni mvivu, nami huwaacha waseme, maana afadhali uvivu kuliko waujue ukweli. Msimu wa kwanza baada ya yeye kurudi kutoka vitani ng'ambo ya mpaka, nilianza kupura maganda makavu uani. Sikufika mbali. Nilimkuta amelala kifudifudi mchangani, ameziba masikio, anaita watu nisiowajua. Niliiweka fimbo chini na sijaishika tena.

Kumenya ni kazi ya wiki nyingi, kwa hivyo yeye humenya nami humsomea. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kusoma kwa sauti nakuweza. Kanisani walitushauri tushike Neno tu, eti hadithi ni uongo. Lakini kuna mwandishi mmoja, mwanamke ambaye hatujawahi kumwona, anayeandika riwaya za askari waliorudi nyumbani nusu. Katika riwaya yake ya kwanza, askari hula huku ameukazia macho mlango. Mume wangu, aliyekuwa amekaa vivyo hivyo, aliniuliza kama huyo mama aliwahi kupigana. Nikamwambia sidhani. Akasema basi kuna mtu alimsimulia, na mtu huyo hakumficha kitu. Hata jangwa la riwaya hiyo alilikubali, akasema ni kavu kama kwao Tseikuru, ila mbuzi hakuna. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akizungumzia kule vitani. Nilimshukuru Mungu kwa uongo huo.

Riwaya ya tatu ndiyo iliyonitia hofu. Nilitangulia kuisoma shuleni wakati wa mapumziko, nikafika mahali askari anaamka alfajiri, anamfunika mkewe blanketi, anatoka. Aya iliyofuata watu walikuwa wanamtafuta mtoni. Nilikifunga kitabu. Mume wangu naye hutoka alfajiri. Husema anaenda kuangalia ng'ombe, nami hubaki macho wazi nikisikiliza kama atarudi.

Jioni hiyo nilisema nimesahau kitabu shuleni. Kesho yake nikasema mwalimu mwenzangu amekiazima. Nilikuwa nimekificha chini ya gunia la mahindi. Niliogopa kwamba nikimsomea, mimi ndiye nitakayekuwa nimemwonyesha njia.

Jumamosi, akiwa na karai la mbaazi magotini, alisema bila kuniangalia:

"Mwalimu, huyo mtu alikufa, si ndio?"

Niliokota ganda, nikalimenya. Akaniambia hata jeshini, mwenzenu akifa, mkubwa huja akaanza kuzungumzia chakula ili asiseme.

"Enda ulete. Mahali ameenda mimi najua. Nataka kusikia wale walibaki walifanya nini."

Hayo hata mimi sikuyajua. Mimi niliishia mtoni. Nikakileta kitabu, nikasoma. Mke wa yule askari hakulia. Kila asubuhi alimimina chai vikombe viwili, na mtoto akikigusa kile cha pili alipigwa. Mwishowe watoto walimwogopa, wakahamia kwa nyanya yao, akabaki yeye na vikombe vyake. Mume wangu alikuwa ameacha kumenya.

"Wewe pia ungekuwa hivyo?"

"Mbaya kuliko huyu," nikamwambia. "Kila ukitoka alfajiri, mimi nakufa mpaka urudi."

Alirudia mbaazi zake, na hatukuzungumza tena siku hiyo. Sikujua kama nimemponya au nimemmaliza, na nilienda kulala na hofu ambayo sikuwahi kuwa nayo hata alipokuwa vitani.

Alfajiri nilishikwa bega, nikaruka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, keshavaa.

"Natoka," akasema. "Amka twende."

Tangu hapo huniamsha. Tunazunguka shamba gizani, na bado naogopa sana, ila sasa naogopa nikiwa kando yake.