Nilijitolea kuwa tester wa BSD, na sikujaribu chochote

Wakuu, salamu kutoka Baraka. Ninayosimulia yananiaibisha mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kuyatia chumvi.

Mimi ni mtu mzima mwenye digrii na kiburi. Kompyuta ya kituo kimoja cha afya huku Swima, kando ya ziwa, niliitengeneza mimi, na badala ya kuweka Linux kama binadamu wengine, nikaweka BSD, mfumo endeshi wenye watumiaji wachache. Nadhani eneo letu lote la Fizi nilikuwa nao peke yangu. Nilifurahia hilo kuliko inavyofaa kukiri.

Juu yake kuna programu huria, yaani open source, inayotunza orodha ya chanjo za watoto.

Wasimamizi wa programu wakatangaza kwamba wanaacha BSD, kwa sababu hakuna anayeijaribu. Nikawaandikia barua ndefu yenye uchungu kuhusu sisi watu wa pembezoni.

Wakasema sawa, basi wewe uwe tester, mtu wa kulijaribu kila toleo kwenye BSD kabla halijatoka.

Kila toleo jipya lilipokaribia waliniuliza kama linafanya kazi. Nami nilijibu kwamba liko vizuri.

Huku kwetu ukiulizwa hali unasema nzuri, hata ukiwa na malaria. Niliwajibu kama salamu. Kupakua toleo la majaribio kwa mtandao wetu ni kazi ya siku nzima, na nilikuwa nimechoka.

Toleo la mwisho lilipotoka rasmi, nililiweka kituoni bila hata kulifungua.

Siku ya chanjo akanipigia muuguzi, Mama Furaha.

"Papa Prof, machine yako inakataa kufungua liste. Bamama ba Ubwari beko hapa na batoto, bamevuka na mutumbwi. Nitajua je nani amebakisha sindano gani?"

Nikauliza kuhusu kadi zao.

"Kadi yenye ililowana mu ziwa, utaisoma we? Hii kitu ulijaribisha?"

Nikakiri kwamba hapana.

"Ungesema tu haukujaribisha! Ningeandika yote mu cahier, mu daftari ya karatasi, mbele uguse machine."

Akina mama watatu walirudi Ubwari, watoto hawajachanjwa. Kesho yake nilirudisha toleo la zamani, orodha ikafunguka. Wiki iliyofuata walikuja wawili.

Sasa, mradi uendelee kubeba mifumo isiyojaribiwa? Jibu langu la uchovu ni hapana, mpaka apatikane mtu wa kuandika "sijajaribu" bila kuona haya. Nimewaandikia wasimamizi hivyo hivyo, na jina langu wamelifuta kwenye orodha ya tester.

Mwenye maoni tofauti ayalete, ila aanze kwa kutaja alichojaribu mwenyewe.

Nikichelewa kujibu, niko ziwani. Kesho navuka na Mama Furaha kumtafuta yule wa tatu.