Pini Mdomoni mwa Bibi

Fundi yule wa magauni alikuwa hodari wa kukata kitambaa, na mdomo wake ulikuwa hodari wa kushika pini. Tangu asubuhi zilijipanga katikati ya midomo yake. Mteja akiuliza kama gauni lipo tayari, "mm". Akiomba apunguziwe, "mm-mm". Wateja walishamzoea. Ila mjukuu wake, waliyembandika jina la Kifungo, alishinda chini ya meza yake ya kukatia tangu hajaota meno, na sasa alikimbia duka zima bila kusema hata neno moja.

"Mama, mwezi huu ukiisha hajasema kitu, nampeleka kwa mama mkwe," binti yake, mama wa Kifungo, akamwambia. "Kule kuna watoto wenzake."

Moyo wa fundi ukapiga paa. Kifungo aondoke? Afadhali wachukue cherehani yake!

Siku ya pili yake mteja akaingia. Kabla fundi hajainua kichwa, sauti ikatoka chini ya meza: "Mm?"

"Nimefuata sketi yangu," mteja akasema.

"Mm-mm," sauti ikajibu, kwa mshuko uleule wa sauti ambao bibi humwambia mtu aje kesho.

Fundi akainama. Kifungo alikuwa amebana uzi kwa midomo, uso mkavu, mwenye duka kabisa. Bibi akacheka hadi pini zikamwagika. Jamani! Mtoto alikuwa amejifunza barabara lugha aliyofundishwa: kuuliza anajua, kukataa anajua, kilichokosekana ni maneno tu. Na nani aliwahi kumpa hayo maneno?

Kuanzia hapo pini zikahamia kwenye kimto cha mkononi, na mdomo ukafunguka. Loo, ulifunguka! "Huu mkasi. Mkasi unakata. Bibi anakata." Wateja walikoma. Kifungo alimkodolea macho midomoni, naye akaanza kujaribu. Likaja "ka". Likaja "kakaka" la kutwa nzima. Asubuhi moja, likaja "kata" safi kabisa, na bibi mtu mzima akarukaruka dukani bila haya.

Lakini "kata" moja lingetosha? Mwezi ulipoisha binti akaja na begi la nguo za mtoto. Fundi akaingiwa na wasiwasi, akajisahau; mkono ukachota pini, zikarudi mdomoni, akainamia kitambaa kimya.

Kifungo akamtazama. Akamvuta gauni kwa nguvu.

"Bibi, sema!"

Binti akaweka begi chini taratibu, macho yamemjaa machozi na kicheko.

"Mama, si umeambiwa useme?"