Pua ya Mnunuzi wa Vitu vya Kale

Mnunuzi wa vitu vya kale sokoni Garissa hutanguliza pua. Chetezo, kijiko cha pembe, mto wa mbao, chochote aletewacho hukinusa kwanza, kisha hukigonga kwa ukucha na kucheka peke yake, kwani wake za maofisa watakigombania. Mwaka ule wa vita, wanajeshi walipowachukua ngamia wa mfugaji Kaltun, mwanamke huyo alimletea chombo cha maziwa cha marehemu mama yake, kilichozoea kufukizwa moshi ndani. Jamaa akazamisha uso mzima ndani, akaibuka na masizi puani.

“Abaayo, dada yangu, mimi nanunua vitu vya kale. Hiki bado kinanukia maziwa. Ngamia wakirudi, utawakamulia kwenye kofia yangu?”

Kaltun akacheka bila kutaka. Mnunuzi akakijaza mtama, akamrudishia. Kwao chombo cha mtu hakirudi kitupu.