Pua ya Kuazima

Mwanangu, kwa miaka mingi nilikana jambo hili hata mbele ya daktari: pua yangu haisikii harufu. Mafua makali yaliondoka nayo nikiwa chuo kikuu. Nami, kwa ujasiri wa mwenye digrii, nikaandika riwaya ya Kagera ya zamani, kuhusu mwanamume aliyefiwa na mke. Anaifungia chunguni nguo ya magome aliyoivaa marehemu, anainusa kila alfajiri mpaka shamba linageuka pori.

Mhariri aliirudisha mara mbili. Alisema ni riwaya ya harufu isiyonuka, na mara ya tatu ingekuwa ya mwisho. Nikapagawa. Chumba changu cha kupanga kule Kiseke nikakijaza makopo ya dagaa, samli, ngozi na magome mabichi. Kutwa nilitumbukiza uso humo, huku nikimcheka mhusika wangu kwa kurukwa na akili.

Nakumbuka asubuhi aliyofika shangazi yangu kutoka Bukoba. Nilimwamkia, akaitikia kwa khanga puani.

"Marahaba. Nani amefia humu?"

Nikamwambia hakuna kitu. Akanisogezea kopo la dagaa. Nikavuta pumzi, nikasema wananukia vizuri. Walikuwa wameoza. Hapo nikalia, nikamweleza yote.

"Umesoma mpaka Dar, kuniuliza mimi ndiyo imekushinda?"

Tulitupa makopo. Akakaa kitandani akitafuna buni zake za kahawa za kuchemsha, akanieleza kwamba nguo ya magome ikiwa mpya hunukia moshi. Ikivaliwa hushika samli na jasho la shingo. Mwenyewe akifa, jasho ndilo huondoka kwanza. Nikamuuliza amejuaje. Akatema ganda la buni.

"Niliilalia ya bibi yangu. Mwezi wa pili nikagundua nalilia samli."

Nikaandika upya: mtu wangu anafungua chungu, anakuta samli tupu, anakwenda kutafuta jembe.

Basi, mwanangu, usichokiweza kiseme mapema, tena umwambie anayekiweza. Aibu yake ni ya dakika tano. Mimi niliikwepa miaka sita. Mungu akupe kazi unayoipenda, na shangazi asiyekuonea haya.

Mhariri alipopiga simu shangazi alikuwa hajarudi kwao, nikaweka spika. Hakusalimia. Alisema amefika pale samli inapobaki peke yake, ikabidi atoke nje kwanza.

"Tunaichapa. Lakini dada, hiyo pua umeitoa wapi?"

"Bukoba," akajibu shangazi kabla yangu.