Geji Mpya ya Januarius

Mahona alimwona Januarius kwa mara ya kwanza msimu ule wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua pamba. Alishuka kwenye lori la tajiri mmoja alilokuwa akiliendesha, pale Bariadi, ovaroli limepigwa pasi, akauliza fundi yuko wapi. Mahona, aliyekuwa akiziba pancha, akainua mkono nusu, kwa aibu zake.

Lori lilikuwa na turbo, na geji ya kuonyesha upepo unaosukumwa ndani ya injini. Januarius alipokwenda kula, Mahona akalijaribu kilimani. Mshale ukafika nukta nane, ukagoma. Yeye alizoea upepo wa matairi, unaopimwa kwa paundi. Hata paundi moja haifiki! Akakaza fimbo ya turbo ili isukume zaidi. Jioni gasketi ikapasuka.

"Hiyo ni bar, mshamba wewe!" Januarius alimfokea mbele ya wapakiaji. "Bar moja ni paundi kumi na nne na nusu. Ulimaliza la ngapi?"

"La saba."

Wakaangua kicheko. Januarius akamvisha ile gasketi shingoni, akamtembeza mpaka sokoni. Tangu siku hiyo watoto walimwita Paundi, na mkewe, Minza, akawa Mama Paundi kisimani.

Mahona akarudi kwenye matairi yake. Kwa miaka minne alisoma kila geji iliyopita mbele yake. Akaijua bar, akaijua paundi. Akajua pia kwamba geji nyingine huhesabu na hewa hii tunayoivuta, ambayo peke yake ni kama bar moja. Mshale wake husimama kwenye moja hata injini ikiwa imezimwa. Nyingine huanzia sifuri.

Ndipo Januarius akaja na lori lake mwenyewe, alilonunua kwa kuuza ng'ombe wote wa baba yake kule Kimali.

"Mhola, Paundi! Geji ya zamani imekufa. Ilikuwa ikipanda mpaka moja na nukta nane. Hii mpya inaishia nukta nane. Bar nzima imepotea, turbo imechoka. Nishikie spana nikaze fimbo, nina marobota ya kufikisha Mwanza."

Injini ilikuwa imezimwa. Mahona akachungulia: mshale umelala sifuri. Hakuna kilichopotea; ile ya zamani ilihesabu na hewa. Maneno yalimfika ulimini. Akaikumbuka gasketi, masizi yake kifuani, na Minza akirudi kisimani na ndoo tupu kwa kukimbia vicheko.

"Nishike wapi, bosi?"

"Hapo. Usiguse kingine, utaniulia."

Akaishika kwa mikono miwili, isitikisike.

Lori lilifia karibu na Lamadi, pistoni zimetoboka. Fundi wa huko ndiye aliyemweleza Januarius kosa lake. Siku ya tatu Januarius akarudi Bariadi kwa miguu, geji mkononi, akaisimamisha mbele ya macho ya Mahona.

"Mshale uliuona?"

Mahona akaendelea kusugua tairi.

"Nakuuliza, Mahona." Jina hilo hakuwahi kulitamka. Akaiweka geji chini, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Ulijua, fundi. Ulijua, na ukanishikia spana."